Maisha ya Adolphe Pinard, Mganga wa Wenye Mimba

Katika zahanati na hospitali za Kibondo na Kasulu kuna chombo kidogo ambacho wengi wenu mmekiona. Ni kama tarumbeta fupi. Urefu wake hupata shubiri moja, upande mmoja mpana na upande wa pili bapa. Chaweza kuwa cha mti, au cha madini mepesi, au cha plastiki. Mkunga huuweka upande mpana juu ya tumbo la mama, huinama, hutega sikio upande wa pili, hunyamaza. Hapo husikia moyo wa mtoto ambaye hajazaliwa bado, ukipiga mara 110 hata 160 kwa dakika. Wakunga wengine hukiita fetoskopu, wengine hukiita Pinard. Tena wako wanaodhani ya kuwa Pinard ni jina la chombo tu. Sivyo. Ni jina la mtu, naye alikufa zamani, mwaka wa 1934. Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari zake, maana katika maisha yake limo neno linalowahusu akina mama wa milima yetu ya Buha, na zaidi linawahusu waume zao.

Adolphe Pinard alizaliwa mwaka wa 1844 katika mji mdogo wa Méry-sur-Seine, nchi ya Ufaransa. Alipokuwa kijana alikwenda Paris kujifunza uganga. Siku zile kuzaa hospitalini huko Ulaya kulikuwa jambo la kuogofya. Wanawake maskini waliingia wazima, wakatoka maiti kwa homa ya uzazi, kwa kuwa waganga wengi hawakusadiki bado ya kuwa mikono yao wenyewe ndiyo iliyoichukua homa hiyo toka kitanda hata kitanda. Pinard akawa mwanafunzi wa Stéphane Tarnier, mganga aliyepigana na homa hiyo kwa nguvu zake zote. Tarnier huyu ndiye aliyewaweka watoto waliozaliwa kabla ya wakati katika sanduku lenye joto, akawaokoa wengi ambao zamani waliachwa wafe. Basi Pinard alikua katika kazi yake akiona kwa macho ya kuwa mtoto mdogo mno si lazima afe, akipata mtu wa kumwangalia.

Jambo la kwanza alilojulikana nalo lilikuwa kazi ya mikono. Mwaka wa 1878 alitoa kitabu cha kuwafundisha waganga jinsi ya kulipapasa tumbo la mwenye mimba kwa nje, taratibu, mpaka wajue kichwa kiko wapi, na mgongo uko wapi, na kama mtoto amelala vema au amekaa kikingamo. Akafundisha tena ya kuwa mtoto aliyekaa vibaya aweza kugeuzwa kwa mikono kabla uchungu haujaanza. Wakunga wa kienyeji wa nchi nyingi walijua tangu kale kulisoma tumbo kwa vidole. Lakini Pinard aliifanya kazi hiyo kuwa elimu yenye utaratibu, ambayo kila mwanafunzi aliweza kujifunza na kuijaribu.

Jambo la pili lilikuwa kazi ya sikio. Habari ya kuwa moyo wa mtoto waweza kusikika ndani ya tumbo ilijulikana Paris tangu mwaka wa 1821, wakati mganga aitwaye Kergaradec alipoieleza mbele ya Chuo cha Waganga. Ila vyombo vya kusikilizia vilikuwa vijiti vya kusikilizia kifua cha mtu mzima, navyo havikufaa sana kwa tumbo la mimba. Mwaka wa 1895 Pinard alikipa chombo umbo lile tunalolijua leo, lenye mdomo mpana wa kukusanya sauti. Hakihitaji moto, wala betri, wala fundi. Kwa sababu hiyo kimevuka bahari na milima. Mwaka wa 1996, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa katika Kasulu kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Kongo, umri wa chombo hicho ulikuwa umetimia miaka 101, na hata hivyo hakikuwa kimezeeka.

Lakini kazi kubwa ya Pinard, nayo ndiyo tuitakayo hasa katika habari hizi, ilikuwa kazi ya mizani.

Mwaka wa 1889 alifanywa profesa wa uzazi, akawekwa kuwa mkuu wa hospitali ya wazazi iitwayo Baudelocque, mjini Paris. Waliokuja kuzaa pale walikuwa watumishi wa nyumbani, na wafua nguo, na washonaji, na wanawake wa viwanda. Wengi hawakuwa na mume. Walisimama kazini mchana kutwa mpaka siku ile ile ya uchungu, maana aliyeacha kazi alikosa mkate na chumba pia. Wako wema walioona taabu hiyo. Mwaka wa 1892 bibi mmoja, Béquet de Vienne, alifungua nyumba katika barabara ya Maine ili wanawake wenye mimba wasio na pa kwenda wapate kitanda na chakula katika siku zao za mwisho. Pinard naye aliwapokea wengine hospitalini kabla ya wakati wao, wakakaa na kupumzika.

Akaona jambo. Watoto wa wale waliopumzika walikuwa wanene kuliko watoto wa wale waliotoka kazini moja kwa moja. Ila hakutaka kuyaamini macho yake tu, maana jicho huona lipendalo. Akachukua mizani. Akahesabu watoto wa wanawake 500 waliofanya kazi mpaka uchungu ukawapata, na watoto wa wanawake 500 waliokaa katika nyumba ile ya barabara ya Maine muda usiopungua siku 10, na watoto wa wanawake 500 waliopumzika katika hospitali yake. Mwaka wa 1895, mwaka ule ule wa chombo chake, akapeleka hesabu mbele ya Chuo cha Waganga. Watoto wa kundi la kwanza walikuwa na uzito wa gramu 3,010, ukiwachukua kwa wastani; wa kundi la pili gramu 3,290; wa kundi la tatu gramu 3,366. Tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho ilipita gramu 350.

Labda msomaji atasema gramu 350 ni kidogo, haijai hata sahani ya maharagwe. Kwa mtu mzima ni kidogo kweli. Kwa mtoto mchanga ni karibu sehemu moja ya kumi ya mwili wake wote. Mtoto mwenye mafuta kidogo chini ya ngozi hushikwa na baridi upesi. Na sisi tukaao juu milimani twajua baridi ya alfajiri ya mwezi wa sita na wa saba ilivyo. Huchoka kunyonya, na homa ikija haina mengi ya kumaliza. Waganga wa leo humwita mdogo mno mtoto aliyezaliwa na uzito usiofika gramu 2,500.

Yatupasa kusema kweli yote, tusimsifu mtu kupita kipimo. Sehemu ya uzito ule ulitokana na siku: mwanamke aliyepumzika aliichukua mimba yake mpaka mwisho mara nyingi zaidi, na mwanamke aliyetaabika alizaa mapema. Pinard mwenyewe na wanafunzi wake waliliona hilo. Tena hakujua kwa njia gani kazi nzito humfikia mtoto aliyefungwa ndani ya tumbo. Aliona mwanzo na mwisho. Katikati palikuwa giza kwake. Sisi twaweza kueleza kidogo, maana wengine wameliangaza giza hilo baada yake.

Mtoto tumboni hali kwa kinywa wala hapumui kwa pua. Chakula chake na pumzi yake hupita katika kondo la nyuma. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Upande wa mtoto, moyo wake husukuma damu kupitia mishipa miwili ya kitovu mpaka ndani ya kondo, ambamo mishipa hugawanyika kama mizizi, mikubwa hata midogo, midogo hata isiyoonekana kwa macho. Kisha damu hiyo humrudia kwa mshipa mmoja, imejaa chakula na hewa njema. Upande wa mama, damu hutoka katika mishipa iliyojisokota ya ukuta wa tumbo la uzazi, nayo huiogesha ile mizizi. Kati ya damu hizi mbili pana ngozi nyembamba sana, na kila kitu apatacho mtoto hupita hapo.

Sasa angalieni kazi ya mishipa ile iliyojisokota. Kabla ya mimba ni myembamba, yenye misuli, yaweza kujikaza kama mkono unaofumba. Katika nusu ya kwanza ya mimba, chembe hai zitokazo katika kondo huingia ndani ya kuta zake na kuiondoa misuli hiyo, hata midomo ya mishipa hupanuka na kulegea, isiweze tena kujikaza. Mwaka wa 1967 waganga watatu, Brosens, Robertson na Dixon, walilieleza badiliko hili kwa wazi. Mkulima wa bustani ya bondeni atalifahamu mara moja. Maji yakija katika mfereji mpana huenda polepole, hulowesha kitalu chote, hakuna mche unaong'oka. Maji yale yale yakipita katika tundu jembamba hutoka kwa nguvu, huchimba udongo mahali pamoja na kuacha pengine pakavu. Vivyo hivyo mishipa ya mama isipopanuka, damu huingia kwa kishindo na kwa vipindi, huiumiza ile mizizi midogo, na kondo huharibika kabla ya wakati. Ndipo mtoto hukosa, hukua polepole, na pengine huacha kukua kabisa. Mara nyingi mama naye hupatwa: damu yake husukumwa kwa nguvu kupita kiasi, uso na mikono huvimba, kichwa humuuma, macho huona giza. Hiyo ndiyo hatari iitwayo kifafa cha mimba, ambayo huwaua mama na mtoto pamoja.

Mtoto aliyekosa hivi hujitetea kwa akili ya ajabu. Damu chache aliyo nayo huipeleka kwanza katika ubongo na katika moyo, na kuvinyima viungo vingine. Ndiyo maana pengine huzaliwa na kichwa cha kawaida na tumbo lililonywea, kama mzee aliyefunga siku nyingi. Siku hizi ziko mashine zinazoweza kupima jinsi damu ipitavyo katika kitovu chake, na mganga akiona njia imeziba aweza kuamua kumzalisha mama mapema. Mashine hizo hazipatikani kila zahanati. Lakini utepe wa kupimia kimo cha tumbo hupatikana, na mikono ipo, na chombo cha Pinard kipo. Ila tukumbuke, chombo hicho humwambia mkunga ya kuwa mtoto yu hai na jinsi moyo wake upigavyo. Hakimwambii kama anakua. Kukua hujulikana kwa kupimwa mara kwa mara, na kwa hiyo mama aliyekwenda kliniki mara moja tu ameacha nusu ya habari za mtoto wake gizani.

Kazi nzito, je, huingia wapi? Mtu akichukua mzigo na kupanda mlima, mwili huipeleka damu katika miguu na mgongo. Kwa mwanamke mzima aliyeshiba, mwenye mishipa iliyopanuka vema, mtoto hapungukiwi na kitu kwa kazi ya kadiri. Kutembea na kulima kidogo si dhambi wala hatari. Lakini yule ambaye njia zake za damu tayari ni nyembamba, au damu yake ni haba kwa njaa na minyoo, huyo hana akiba ya kutoa. Tena waganga wa leo hawawaamuru wenye mimba walale kitandani mchana kutwa, maana kulala hivyo hakumnenepeshi mtoto. Wasemalo ni hili: mizigo mizito na kusimama kutwa nzima vipunguzwe, hasa katika miezi ya mwisho, na chakula kiongezwe.

Katika nchi yetu yuko na mwizi mwingine, naye ni malaria. Wadudu wa ugonjwa huo hujificha katika kondo lenyewe, ndani ya damu ya mama, hata kama mama hasikii homa. Huzuia njia, na mtoto huzaliwa mdogo. Katika uchunguzi wa mwaka wa 2017 mkoa wa Kigoma ulionekana kuwa na malaria nyingi kuliko mikoa yote ya Tanzania bara: karibu mtoto mmoja kati ya wanne waliopimwa, wenye umri usiofika miaka 5, alikuwa nayo. Kwa sababu hiyo mama mwenye mimba hupewa kliniki chandarua chenye dawa, na vidonge vya SP ambavyo huanza kumezwa baada ya miezi 3 ya kwanza na kurudiwa kwa vipindi. Anayevitupa vidonge hivyo njiani kwa sababu ya uchungu wake amemnyima mtoto chakula bila kujua.

Tumrudie Pinard. Baada ya kupata hesabu zake hakukaa kimya. Alisema popote aliposikilizwa ya kuwa nchi inayomfanyisha mwanamke kazi mpaka saa ya kuzaa inajiibia yenyewe. Sheria zikaja polepole. Mwaka wa 1909 Ufaransa ilikataza mwanamke asifukuzwe kazi kwa ajili ya kupumzika majuma 8 ya kuzaa. Lakini sheria hiyo haikumpa fedha. Mwaka wa 1913 ikaongezwa nyingine iliyompa posho kidogo. Kisha vita kuu ikaja, wanawake wakaingia viwandani kutengeneza silaha. Mwaka wa 1916 Pinard alidai wenye mimba na wanyonyeshao wakatazwe kabisa kuingia humo. Wengine waliotaka mema kama yeye walimpinga, wakiona ya kuwa mwanamke aliyekatazwa kazi, naye hana mume wala akiba, atakufa njaa pamoja na mtoto. Afadhali apewe kazi nyepesi na nafasi ya kunyonyesha. Sisi twaona ya kuwa hapo walikuwa na haki. Kumwambia maskini apumzike bila kumpa cha kula ni kumwongezea mzigo.

Wala hilo silo kosa lake kubwa. Pinard alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama kilichoundwa Paris mwaka wa 1912, kilichofundisha ya kuwa wanadamu wachaguliwe kama mbegu, walio bora wazae na walio dhaifu wazuiwe. Katika nchi nyingine mafundisho ya namna hiyo yaliletea watu wengi maangamizi baadaye. Yeye alitazamia zaidi afya na malezi, lakini jina lake alilitoa, nasi hatulifichi. Mtu aweza kuona mbali kwa jicho moja na kuwa kipofu kwa la pili.

Lililo jema ni hili, ya kuwa hakuona haya kuwafundisha wadogo. Profesa yule mkubwa alikwenda katika shule za wasichana za Paris kuwafundisha jinsi ya kumwogesha mtoto, kumnyonyesha na kumpima, na mwaka wa 1904 alitoa kitabu kwa ajili yao. Katika uzee wake alichaguliwa kuwa mjumbe wa bunge, tangu mwaka wa 1919 hata mwaka wa 1928. Kisha alirudi kwao Méry-sur-Seine, akafa huko mwaka wa 1934, mwenye umri wa miaka 90.

Basi, wasomaji, neno lake latufikiaje? Sheria ya Tanzania humpa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 na mshahara wake. Lakini mama wa jembe katika vijiji vya Kibondo na Kasulu hana mwajiri wa kumwandikia likizo. Mwajiri wake ni nyumba yake. Mume wake ndiye awezaye kuichukua ndoo ya maji mtoni, na mkwe wake ndiye awezaye kusema kuni za leo zitachukuliwa na vijana. Tunajua ya kuwa mwanamume aonekanaye na ndoo kichwani huchekwa. Na achekwe. Kicheko hakina uzito, na gramu 350 zina uzito.

Walimu wa vijiji na wazee wa sharika, mwaweza kulitangaza jambo hili mahali ambapo mganga hafiki. Mwambieni kila mume mwenye mke mwenye mimba: mpeleke kliniki mapema, usingoje miezi ya mwisho, mpe chakula kabla yako, twaa mizigo yake. Akisema kichwa chauma sana, au uso wavimba, au mtoto amepunguza kucheza, au damu yatoka, msingoje kesho. Nanyi mkiingia zahanati na kumwona mkunga ameinama juu ya kile chombo, akitega sikio, nyamazeni kidogo. Yuko mtu ndani asiyeweza kujisemea, naye anasikilizwa.